Mawakala wa Kampala, acheni kutuuzia kruzi ya dola 599 kabla visa haijatoka

Wakuu, salaam. Uzi huu ni mrefu na umeandikwa kwa hasira. Mwenye haraka asome sehemu ya visa, kwa sababu hapo ndipo watu wanapoliwa.

Msimu wa harusi ukikaribia, status za WhatsApp hujaa matangazo ya kruzi, yaani safari za starehe kwa meli: meli nyeupe, bahari ya buluu na maandishi mekundu: "Kruzi ya kifahari, siku 7 Mediterania, dola 599, kila kitu ndani, lipia nusu leo." Maharusi wametoka kwanjula (sherehe ya utambulisho) na bahasha zao, mstaafu ana akiba yake ya NSSF, kikundi cha SACCO kinatafuta pa kwenda mwisho wa mwaka. Wote wanatuma pesa kwa mobile money na kurudishiwa karatasi yenye picha ya meli. Anayeuliza maswali anaambiwa "ssebo (bwana), wewe huna imani."

Kutokuwa na imani ni sawa kabisa. Tatizo ni kwamba wenye shaka wengi wanauliza swali lisilo lenyewe. Wanauliza kama meli itazama. Woga huo una sababu: MV Templar ilizama Novemba 2018 pale Mukono, Ziwa Victoria, chombo cha starehe kilichojaza watu kupita kiasi na kisichokuwa na kibali, na zaidi ya watu 30 wakafa. Lakini meli kubwa ya abiria ina kanuni nyingine. Baada ya Costa Concordia kugonga mwamba Januari 2012 na watu 32 kufa, huku baadhi ya abiria wakiwa bado hawajafanya zoezi la usalama, mkataba wa kimataifa wa usalama baharini ulibadilishwa. Tangu 2015 zoezi hufanyika kabla meli haijaondoka au mara tu inapoondoka. Ukilikwepa unatafutwa kwa jina. Kwa hiyo acheni kuuliza kuzama. Ulizeni namba ya bukingi, aina ya visa na tarehe ya malipo ya mwisho.

Tuanze na hiyo bei. Dola 599 ni ya mtu mmoja akiwa wawili chumbani. Ukienda peke yako, mara nyingi unalipia na kitanda kitupu cha mwenzako. Chumba chenyewe ni cha ndani, hakina dirisha, na ni cha aina ambayo kampuni ndiyo inayokuchagulia. Unaweza kupewa kilicho chini ya sitaha ya bwawa, viti vikianza kuburutwa alfajiri juu ya kichwa chako.

Chukua mfano wa watu wawili, siku 7. Vyumba ni dola 1,198. Ongeza kodi na ada za bandari, tuseme 170 kwa kila mtu, ni 340. Ongeza bakshishi, ambayo kwenye meli nyingi kubwa haisubiri ukarimu wako: hukatwa kila siku, na kwa kampuni nyingi ni kama dola 16 hadi 20 kwa kila kichwa, hata mtoto. Kwa 16 tu ni 224. Umefika dola 1,762 na hujatoka Entebbe. Tiketi za ndege kwenda na kurudi, tukikadiria 900 kila mmoja, ni 1,800. Visa mbili za Schengen (nchi za Ulaya zinazotumia visa moja), euro 90 kila moja tangu Juni 2024, pamoja na ada ya kituo cha maombi, weka 260. Bima mbili, 80. Usiku mmoja hotelini kabla ya kupanda meli, 120. Jumla ni dola 4,022. Dola ikihesabiwa shilingi 3,600, hizo ni milioni kumi na nne na nusu, wakati bango lilikuwa linakuambia milioni mbili na kidogo. Na bado hujanywa soda.

Ndiyo, soda. "Kila kitu ndani" kwenye meli hizi maana yake ni chakula cha mkahawa mkuu na bufee, maji ya bomba, chai, kahawa ya kawaida na maonyesho. Soda, bia, kahawa ya mashine, mkahawa maalumu, waifai, picha, saluni na matembezi ya nchi kavu, vyote ni bili. Kifurushi cha vinywaji vyenye kilevi kinaweza kufika dola 60 hadi 100 kwa siku, na kampuni nyingi hazikubali mmoja anunue na mwenzake wa chumba hicho hicho asinunue. Mume anakunywa, mke ni mlokole, wote wawili mnalipa. Ukinunua kinywaji kimoja kimoja, juu ya bei kuna nyongeza ya huduma, kwa kawaida asilimia 18 hadi 20.

Halafu neno "kifahari". Meli kama Icon of the Seas, iliyoanza safari 2024, imeundwa kubeba abiria 5,610 wakiwa wawili wawili vyumbani, na ikijaa kabisa inazidi 7,000. Ni meli nzuri sana, ina mabwawa, michezo na kila fujo ambayo watoto wanaipenda, lakini foleni ya mayai asubuhi ni foleni. Meli za kifahari hasa ni za kampuni kama Silversea, Seabourn na Regent: abiria mia kadhaa, vinywaji na bakshishi viko ndani ya bei kweli. Huko dola 599 inaweza isitoshe hata siku moja. Wakala anayechukua meli ya kwanza na kuibandika jina la pili anajua anachofanya.

Sasa visa.

Mwenye pasipoti ya Uganda anakaguliwa kwa kila nchi ambayo meli itatia nanga, hata kama hana mpango wa kushuka. Ukikosa visa ya bandari moja tu, unaweza kuzuiwa kupanda bandari ya kwanza, na pesa hairudi. Hilo moja. La pili ni idadi ya kuingia. Meli ikitoka Italia ikaenda Uturuki, Tunisia au Montenegro kisha ikarudi Italia, umetoka Schengen na unaingia tena. Visa ya kuingia mara moja imeshakufa katikati ya bahari. (Kroatia iko Schengen tangu Januari 2023, kwa hiyo yenyewe haihesabiki kutoka. Makaratasi ya zamani bado yanasema vingine.) Ugonjwa ni ule ule Dubai: visa ya utalii inayouzwa sana Kampala ni ya kuingia mara moja, meli inakwenda Muscat au Doha, inarudi Dubai, na hapo unaingia mara ya pili. Karibiani kutoka Miami unahitaji visa ya mgeni ya Marekani, B1/B2, ya kuingia mara nyingi. Wale wanaoambiwa waombe C1/D "kwa sababu ni ya meli" wanadanganywa. Hiyo ni ya wafanyakazi wa meli, na kuiomba ukiwa abiria ni kujiharibia jina ubalozini.

Ombi la Schengen linapelekwa nchi utakayokaa zaidi. Zikilingana, nchi utakayoingilia. Si kila nchi ya Schengen inapokea maombi Kampala, nyingine zinakupeleka Nairobi, kwa hiyo uliza kabla hujachagua bandari ya kupandia. Chaguo la bandari ni chaguo la ubalozi, na sijaona bango hata moja linalosema hivyo.

Wizi wenyewe uko kwenye tarehe. Kampuni nyingi za meli zinataka malipo ya mwisho kama siku 90 kabla ya safari. Baada ya hapo ukighairi unakatwa, na makato yanapanda mpaka yanameza pesa yote siku za mwisho. Kunyimwa visa si sababu ya kurudishiwa, na bima nyingi hazilipii hilo. Ombi la Schengen nalo linaruhusiwa kuanzia miezi sita kabla ya safari. Jibu la kawaida ni siku 15, lakini linaweza kuvutwa hadi 45, na kupata miadi ni mchezo mwingine. Safari ikiwa tarehe 20 Juni, mlango wa visa unafunguliwa 20 Desemba na malipo ya mwisho yanaangukia karibu na 22 Machi. Aliyepeleka faili Januari ana jibu mkononi kabla ya kulipa. Wakala anayekuambia "lipia yote kwanza, visa tutashughulikia Aprili" anakuweka upande wa makato kwa makusudi, au hajui kazi. Sijui lipi ni baya zaidi.

Mpangilio unaotakiwa ni huu: weka malipo ya awali yanayorudishwa (bei za chini kabisa mara nyingi zina malipo ya awali yasiyorudishwa, soma), pata uthibitisho, pata nafasi ya ndege isiyolipiwa, kata bima ya matibabu ya angalau euro 30,000, peleka faili. Visa ikitoka ndiyo unalipia meli na ndege.

Na ile karatasi yenye picha ya meli msiiamini. Wakala anaweza kushikilia chumba siku chache bila kulipa hata senti, akakuchapia karatasi nzuri, kisha nafasi ikafa yenyewe huku pesa yako ikizungushwa kwenye biashara nyingine. Dawa yake ni dakika tano: chukua namba ya bukingi, nenda mwenyewe kwenye tovuti ya kampuni ya meli, ingiza namba, jina la ukoo kama lilivyo kwenye pasipoti na tarehe ya safari. Itakuonyesha kama chumba kipo na, kwa baadhi ya kampuni, kiasi kilicholipwa na kilichobaki. Umelipa dola 600 na tovuti inasema zimepokelewa 0? Usiende kupiga kelele ofisini kwanza, piga picha skrini yako.

Lingine linalonikera ni bango la "panda meli Mombasa, nenda na basi tu." Mombasa kuna gati la meli za utalii, na Mganda anaingia Kenya hata kwa kitambulisho cha taifa. Lakini meli nyingi zinazofika pale zinapita, zina watu wao waliopanda kwingine. Uliza swali moja: abiria wapya wanapandia Mombasa, ndiyo au hapana? Jibu likiwa refu, ni hapana.

Kadi ya benki nayo. Meli haipokei mobile money. Siku ya kwanza inafungua akaunti yako na kuzuia kiasi fulani kwenye kadi kila siku, na kwa kadi ya akiba (debit) pesa hiyo inaweza kubaki imeshikwa siku kadhaa baada ya wewe kurudi nyumbani. Kampuni nyingi zinakubali uweke dola taslimu kwenye dawati la wageni, ni afadhali. Simu iweke hali ya ndege kabla ya kuondoka gatini. Mtandao wa simu wa melini si roaming ya kawaida, na video moja ya WhatsApp inaweza kukugharimu kuliko chakula cha wiki pale soko la Kikuubo, Kampala.

Cheti cha homa ya manjano mnakijua, ila wanaokwenda kupandia Durban au Cape Town wasikumbuke wakiwa Entebbe: chanjo ichomwe angalau siku 10 kabla ya safari, na cheti tangu 2016 ni cha maisha.

NYONGEZA: Dada mmoja ameuliza kuhusu mizigo, na mzee mwingine kuhusu kichefuchefu. Pasi, birika la umeme na mishumaa vitachukuliwa mlangoni, pamoja na zile ekstensheni za kuzuia umeme kuruka. Odii (siagi ya karanga na ufuta) iliyofungwa vizuri huwa inapita kupanda, ila usishuke nayo bandarini, kuna nchi zinatoza faini kwa chakula. Kanzu na koti, au gomesi (gauni la heshima la wanawake wa Uganda), ni vazi rasmi tosha kwa usiku wa chakula rasmi, usinunue suti. Pasipoti, dawa na nguo za siku ya kwanza zikae kwenye begi la mkono, kwa sababu sanduku linaweza kufika chumbani jioni. Usiku wa mwisho masanduku yanawekwa nje ya mlango, na kila msimu kuna mtu anayefungia humo suruali zote na kushuka asubuhi na pajama. Kuhusu kichefuchefu, mzee wangu, omba chumba cha katikati ya meli, sitaha ya chini, na umeze dawa kabla bahari haijachafuka. Ukishaanza kutapika kidonge hakikai. Anayetaka kukaguliwa ratiba yake kwa upande wa visa aiweke hapa chini, bandari kwa mpangilio na tarehe. Jina na namba ya pasipoti msiweke.