Miwani ya macho kwa kulenga shabaha: nibadili lenzi tu au na fremu?

Mikindani_Pwani
Wakuu, heshima kwenu. Niko Mtwara mjini. Nalenga visahani vya udongo vinavyorushwa hewani kwa shotgani, na mara mojamoja bastola kwenye karatasi. Cheti cha macho: kulia -3.25, silinda -1.00, mhimili 180, kushoto -2.75. Umri 47, kusoma navua miwani. Fundi miwani anasema ataagiza lenzi za polikaboneti (plastiki ngumu isiyovunjika kirahisi) kutoka Dar azifunge kwenye fremu yangu ya kila siku. Inatosha?

FundiLenzi
Haitoshi, mkuu. Fremu ya kawaida inashika lenzi kwa mfereji mwembamba. Kipande kikiigonga kwa mbele, polikaboneti haipasuki, inachomoka nzima na kukujia jichoni. Fremu ya kinga imeundwa ili lenzi isitokee upande wa jicho.

Soma alama kwenye mikono ya fremu. Za Kimarekani za kuwekea lenzi za daktari huandikwa Z87-2, na lenzi yenyewe iwe na alama ya +. Za Ulaya tafuta EN 166 na herufi F, maana yake imestahimili gololi ya chuma ya mm 6 kwa mwendo wa mita 45 kwa sekunde. Marisau yanatoka mtutuni kwa zaidi ya mita 350 kwa sekunde, kwa hiyo hakuna miwani ya kukuruhusu kupita mbele ya bunduki. Hii ni kinga ya vipande vya kisahani, baruti inayorudi, maganda ya moto ya bastola na marisau yaliyodunda yakaishiwa nguvu.

Jambo ambalo wengi hawaulizi ni unene. Lenzi ya minasi (namba za alama ya kutoa, kama zako) ni nyembamba zaidi katikati, na karakana nyingi huikwangua ipendeze. Andika kwenye oda kwamba katikati isipungue mm 2. Lenzi za kawaida za plastiki (CR-39) na kioo usiziguse kwa kazi hii.

Liwale_Kanga
Naongezea upande wa kulenga, maana hapo ndipo pesa hupotea. Ukilaza shavu kwenye kitako, jicho la kulia haliangalii katikati ya lenzi, linapita juu karibu na pua. Ukiwa na fremu fupi utakuta ukingo wake umekaa hapohapo kisahani kinapopita. Chagua fremu ndefu kwenda juu, yenye vishikio vya pua vinavyokunjika ili uweze kuipandisha.

Kwa fundi nenda na fimbo, bunduki ibaki nyumbani. Kaa mkao wa kulenga, yeye aweke nukta ya kalamu kwenye lenzi ya maonyesho pale mboni ilipo. Akitaka kupandisha kitovu cha lenzi (pale panapoonyesha sawasawa zaidi), mm 2 au 3 zinatosha, na apandishe zote mbili kwa kiasi kilekile. Akipandisha moja tu, macho mawili yatapishana kwa urefu na utaanza kuona visahani viwili.

Lenzi za mistari na zile za kubadilika taratibu (za kuonea mbali na karibu kwa pamoja) ziache kwa shotgani, weka namba za mbali tupu. Bastola ni habari nyingine: jicho linatakiwa lione ncha ya mbele ya kulengea, kama sm 70 kutoka usoni. Jicho la kulengea likiongezwa +0.75, ile -3.25 yako inakuwa -2.50, silinda ibaki ilivyo. Karatasi itafifia kidogo, na ndivyo inavyotakiwa.

Mikindani_Pwani
Shukrani. Vipi zile kinga zilizopinda, zenye kilenzi cha ndani cha kubandika?

FundiLenzi
Zina faida: kinga ya nje ikichubuka unabadilisha hiyo tu, na namba zikibadilika unabadilisha kilenzi. Ila kwa unyevu wa pwani yetu ukungu unaingia katikati ya kinga ya nje na kilenzi, na hapo kitambaa hakifiki. Kope ndefu nazo zinagusa. Kwa -3.25 mimi ningeweka namba moja kwa moja kwenye fremu isiyopinda sana. Ikipinda sana, lazima karakana ipige upya hesabu ya namba kwa mwinamo ule, la sivyo pembeni patayumba na kichwa kitauma.

Liwale_Kanga
Kwangu kilenzi kinafaa mtu mwenye -6 kwenda juu. Wewe hujafika huko.

Angalia pia mwanya juu ya nyusi: kidole kikipita, ganda la moto nalo litapita. Mikono ya fremu iwe myembamba, minene inainua vikinga masikio na mlio unaingia. Rangi: isiyo na rangi kwa jioni, kijivu au kahawia kwa jua la mchana.

FundiLenzi
Na ukisafisha bunduki, vua miwani kwanza. Thina, asetoni na petroli hupasua polikaboneti kwa nyufa ndogondogo. Chumvi na mchanga suuza kwa maji baridi na tone la sabuni ya vyombo kabla hujafuta, kwa sababu ukifuta kikavu unakwangua lenzi mwenyewe.