Wapigania uhuru wa Kongwa: tuwe na siku yao kila mwaka?

Mwana wa Mbande: Wadau, kuna wazo limezuka kwetu wiki hii tukiwa msibani. Kila mwaka tuwe na siku moja ya kuwakumbuka wapigania uhuru waliokaa kambi ya Kongwa, hapa mkoani Dodoma, kuanzia 1964. ANC ya Afrika Kusini, FRELIMO ya Msumbiji, SWAPO ya Namibia, ZAPU ya Zimbabwe, MPLA ya Angola, wote walikuwepo. Samora Machel wa FRELIMO kapita pale, Chris Hani wa ANC kapita pale. Tuchange wenyewe, tusisubiri serikali. Mnaonaje? Na tarehe ipi?

Zabibu: Naunga mkono! Mandela mwenyewe alifunzwa Kongwa na watoto wetu hapa Dodoma hawajui.

Babu wa Kikuyu: Zabibu, hapana. Mandela alipita Tanganyika Januari 1962, Agosti akakamatwa kwao. Kambi ilikuwa bado haijafunguliwa. Msianze siku ya mashujaa kwa kuwapa watoto habari za uongo.

Zabibu: Shikamoo babu, nimekubali. Lakini Hani alikuwepo, hilo silitoi.

Area C: Maji yenyewe mjini humu ni ya mgao, nyie mnachangishana pilau ya watu ambao baadhi ya nchi zao zimetuzidi pesa. Waje wenyewe wajenge. Na watu wa Kongwa walichangia nini kwenye huo ukombozi zaidi ya kuwauzia pombe na mabinti?

Mwana wa Mbande: Area C, futa hiyo sentensi ya mwisho.

Binti Chigogo: Asifute, iacheni. Bibi yangu alipika pombe ya mtama, ndiyo, na wapiganaji waliinywa. Mmoja akazaa naye. Usiku mmoja malori yakaja, asubuhi hayupo. Bibi alibaki na blanketi la kijivu na kikombe cha bati chenye mdomo uliobanduka rangi. Kikombe hicho nimekinywea uji mimi. Hakuuzwa mtu pale, kaka.

Area C: Sikumsema bibi yako. Nimesema kwa ujumla.

Binti Chigogo: Huo ujumla ndio bibi yangu.

Mtani wa Singida: Area C umekanyaga moto peku. Omba radhi upesi, Wagogo wana kumbukumbu ndefu kuliko barabara ya Kondoa.

Area C: Radhi ya nini? Mwanaume kamkimbia mwanamke na mtoto, halafu tumpigie ngoma kila mwaka! Hilo mbona hamlijibu?

Babu wa Kikuyu: Nani kakwambia alikimbia? Agosti 1967 vijana wa ANC na ZAPU walivuka mto Zambezi kuingia Rhodesia, Zimbabwe ya leo, wapo waliotoka Kongwa. Wengi walifia hukohuko, kwenye mapigano ya Wankie. Askari haagi, anaambiwa panda lori.

Binti Chigogo: Babu, mjomba wangu ana zaidi ya miaka hamsini na hajui kama baba yake alikufa vitani au alirudi akaoa kwao. Jina alilomwachia bibi lilikuwa la vitani, si la kuzaliwa. Utaandika barua ubalozi gani, umtafute nani? Shuleni mjomba aliitwa mtoto wa mkimbizi mpaka akaacha shule.

Zabibu: Wallahi hili sikulijua.

Mwana wa Mbande: Tarehe tuweke 26 Agosti, ndiyo SWAPO walianza vita mwaka 1966?

Mtani wa Singida: FRELIMO watasema 25 Septemba, wao walianza 1964.

Binti Chigogo: Wekeni siku yoyote. Mkisoma majina ya makamanda bila kuwasoma waliowapikia, waliowaficha na waliowazalia, mimi sichangii hata mia.

Area C: Kwa hilo niko na wewe dada. Na neno la mabinti nalirudisha. Pilau bado siitaki.

Zabibu: Dada, mjomba wako anakaa Kongwa mjini au huku Sagara? Mama anasema kuna mwenzake walisoma naye, mrefu, naye hakuwahi kumjua baba yake.