Naomba ushauri: namba na kibanda cha modeli ya treni haviendani, ninunue?

Wakuu, heshima kwenu. Nakusanya modeli za treni za mvuke za Uingereza, kipimo cha OO, ile ya reli za upana wa milimita 16.5. Kati ya kampuni kubwa nne za reli za 1923 nimebaki na GWR, yaani Great Western Railway (kijani cha LNER, mojawapo ya hizo nne, kinavutia, sikatai, ila mfuko una mwisho). Tena nataka kipindi cha kuanzia 1934 tu, ilipokuja nembo ya duara ya GWR.

Sasa nimepata injini ya aina ya 5700, zile za matangi ya ubavuni zilizojengwa 863. Nembo iko sawa, rangi safi, magurudumu hayajalika. Shida ni kibanda cha dereva: kina vidirisha vya duara, mtindo wa mwanzo, wakati kibao cha namba kinaanza na 97, na injini za namba hizo zilitoka na kibanda cha mtindo mpya.

Muuzaji hapunguzi bei hata senti. Mngekuwa ninyi mngebadilisha kibao tu, au mngeiacha? Na picha zenye tarehe za injini mojamoja mnazitafutaga wapi, zaidi ya makumbusho ya York na Swindon?