Habari za vita redioni: mnaziandikaje bila kugeuka msemaji wa jeshi la mtu?

Dawati_Nyamagana
Wakuu, salaam. Swali kwa mnaoandaa taarifa ya habari kwenye redio za kanda ya ziwa. Habari ya vita inaingia saa 1:20 usiku kutoka mashirika ya habari ya Reuters na AFP, taarifa inasomwa saa 2 kamili, na habari moja ya nje ina sekunde 40, yaani maneno kama 80. Pande mbili zinapingana na muda wa kusubiri haupo. Ukisoma ya Kyiv, watu wa soko la Mwaloni hapa Mwanza wanapiga simu kwamba mmenunuliwa na Magharibi. Ukisoma ya Moscow, wa mtaa wa Capri Point wananuna. Sentensi inajengwaje? Na hizi video za WhatsApp zinazosemekana ni za Goma, mnazipimaje?

Sangara_Mkavu
Mkuu, anza na kitenzi. Kiswahili chetu kina mtego: kauli ya kutendeka. "Hospitali imebomoka", "mji umeteketea". Aliyebomoa hayupo, utadhani ni mvua za masika. "Imebomolewa" angalau inakiri kwamba kuna mtu. "Ndege za jeshi fulani zimeibomoa" inamtaja. Kama mhusika anajulikana, mtaje. Kama hajulikani, andika "imeshambuliwa", kisha useme wazi kwamba kila upande unamtupia mwenzake lawama. "Imebomoka" waachie wataalamu wa matetemeko.

Jipime hivi: chukua taarifa zako za wiki moja na kalamu nyekundu. Angalia ni upande upi watu wake "wanauawa" na upi watu wake "wanapoteza maisha". Ukikuta mgawanyo, tatizo liko mezani kwako, usiisingizie Reuters ya London.

Halafu "amesema" na "amedai". "Amedai" tayari imemtilia mtu shaka, kwa hiyo ukimpa mmoja "amesema" na mwingine "amedai", umeshaamua kesi. Wape wote "amesema". "Amekiri" ni ya mtu aliyebanwa na ushahidi. "Amethibitisha" usimpe msemaji wa jeshi anayezungumzia jeshi lake mwenyewe. "Inasemekana" ifute kabisa: nani anasema?

Majina nayo. "Operesheni maalumu ya kijeshi" ni jina ambalo Kremlin, ikulu ya Urusi, inaiita vita yake Ukraine, na tangu Machi 2022 sheria ya Urusi inaweza kumfunga mtu hadi miaka 15 kwa "taarifa za uongo" kuhusu jeshi. Habari iliyoandikwa kutoka Moscow isome ukijua mwandishi anaandika chini ya kivuli hicho.

Kayenze_2
Naongeza la saa ya kwanza. Tamko la kwanza la serikali kwa kawaida linakiri kile tu kisichofichika. Meli ya kivita ya Urusi, Moskva, Aprili 2022: Urusi ilisema moto ulilipua risasi ndani ya meli, mabaharia wakaondolewa, kisha meli ikazama kwenye dhoruba ikivutwa. Ukraine ilisema imeipiga kwa makombora ya Neptune. Siku chache baadaye Urusi yenyewe ikataja mmoja aliyekufa na 27 waliopotea. Aliyeandika siku ya kwanza "mabaharia wote wameokolewa" bila kutaja msemaji alibaki na deni.

Na si Urusi pekee. Februari 2022 Ukraine ilitangaza walinzi wake wa Kisiwa cha Nyoka wameuawa. Siku chache baadaye jeshi lake la majini likasema wako hai, wametekwa.

Mfano mgumu zaidi ni hospitali ya al-Ahli, Gaza, Oktoba 17, 2023. Vichwa vya habari vya mwanzo vilibeba kauli ya wizara ya afya ya Gaza kwamba ni shambulio la Israel. Israel ikasema ni roketi iliyofeli ya Islamic Jihad, kundi la Kipalestina lenye silaha. Wizara ikataja vifo 471, ujasusi wa Marekani ukakadiria kati ya 100 na 300. The New York Times baadaye lilichapisha maelezo ya wahariri wake kwamba mwanzoni liliegemea mno kauli ya upande mmoja. Kosa halikuwa kuinukuu wizara. Lilikuwa kuweka tuhuma kwenye kichwa cha habari na msemaji chini. Redioni ni mbaya zaidi, maana anayesikia akipaa dagaa hapati sentensi ya tatu.

Mzee_wa_Pasiansi
Vijana, msiongee kama jambo hili ni la Wazungu. Mwaka 1978 Uganda ya Amin ilisema Tanzania ndiyo iliyoanza kuvamia, kisha ikatangaza eneo la kaskazini ya mto Kagera ni lake. Upande wetu nao, Mwalimu Nyerere alisisitiza kuna vita viwili: Watanzania wanalinda mpaka, Waganda wenyewe wanamwondoa Amin. Kampala ilipoanguka Aprili 1979, jeshi letu, JWTZ, ndilo lililokuwa imebeba mzigo mkubwa. Sababu yetu ilikuwa ya haki, lakini maelezo yalipangwa.

Mwishoni mwa Machi mwaka huohuo ndege ya Libya, iliyokuwa ikimsaidia Amin, aina ya Tu-22 ilitumwa kupiga Mwanza. Ikakosa, ikapiga hifadhi ya kisiwa cha Saanane na kuua swala. Mizoga ya swala kila mtu angeweza kuiona. Lengo la rubani halionekani kwa macho, linahitaji chanzo. Kwa hiyo ukiletewa kauli kama "shambulio lililolenga ngome ya magaidi", igawe: *limepiga* jengo fulani, mahali fulani, hilo ni lako. *Lililolenga* ni la msemaji, mrudishie.

Zamu_ya_Usiku
Makosa yanayonikera, haraka haraka. "Casualties" si vifo. Ni waliokufa pamoja na majeruhi, na kwa wanajeshi mara nyingi hata waliotekwa na waliopotea. Nimesikia "vifo 300" ambavyo vilikuwa 40.

Saa: Goma na Khartoum ziko nyuma yetu saa moja. Kyiv wakati wa kiangazi tuko sawa, baridi wako nyuma saa moja. "1 a.m. Wednesday" ni saa 7 usiku wa kuamkia Jumatano. Ukiandika "Jumatano usiku" umelisogeza shambulio karibu siku nzima, na tamko lililotoka baadaye litaonekana limetangulia.

Video: WhatsApp huondoa taarifa za kamera, usihangaike nazo. Kata fremu 3 au 4 zenye kibao, namba ya gari au mlima, zitafute kwa picha kwenye Google Lens kisha Yandex, tovuti ya utafutaji ya Kirusi, uone kama video iliwahi kutoka zamani. Goma ina mawe meusi ya volkano kila mahali. Ukiona udongo mwekundu mtupu, simama. Ikishindikana kufikia saa 1:50, haiendi hewani.

Dawati_Nyamagana
Shukrani wakuu. Yote haya ndani ya sekunde 40?

Sangara_Mkavu
Yanaingia. Jaza nafasi:

"Watu wasiopungua … wameuawa baada ya jengo la … kushambuliwa mjini …, usiku wa kuamkia leo. Idadi hiyo imetolewa na …, iliyo chini ya …. Jeshi la … limesema lilikuwa likilenga …, halijatoa ushahidi. … imesema waliokuwemo ni raia. Waandishi wa kigeni hawajaruhusiwa kufika eneo hilo."

Hiyo ya mwisho ndiyo wahariri wengi huikata dakika zikibana. Kata kauli ya "ushindi mkubwa" badala yake.