Kuhamisha ukinzani wa minyoo fundo kwenye nyanya: miche 19 kati ya 31 imetoka kama mama

Shada_Njano aliuliza:

Habari wakuu. Nina aina mbili za nyanya. Aina A ina tunda kubwa na majani mapana yasiyo na meno, kama ya viazi mviringo, lakini minyoo fundo (minyoo midogo ya udongoni inayotia mizizi nundu) inaimaliza. Aina B ina tunda dogo na majani ya kawaida, na ina jeni ya Mi, inayokinga minyoo hiyo. Nataka tunda la A kwenye mmea usioguswa na minyoo.

A ndiyo mama. Maua 40 yaliondolewa chavua yakapakwa chavua ya B. Matunda yaliyoshika ni 6 tu. Miche iliyoota ni 31, na 19 kati yake ina majani ya viazi kama A. Maswali:

1. Maua mengi yalianguka kwa nini?
2. Hao 19 ni machotara au la?
3. Kuanzia hapa napanda mimea mingapi kila kizazi?

Kibano replied:

La pili kwanza. Hao 19 si machotara, ng'oa. Jani la viazi hujificha mbele ya jani la kawaida, kwa hiyo mche wowote wenye damu ya B lazima uwe na jani la kawaida. Mwenye jani la viazi amejichavusha mwenyewe kwa A. Ulipata alama nzuri ya kukagua kazi, pengine bila kuipanga. Machotara yako ni 12, na yanatosha kabisa.

Chanzo cha kujichavusha huko ni kuchelewa kufungua ua. Nyanya hujichavusha mapema, karibu na muda ua linapofunguka. Chagua tumba ambalo petali zimeanza kuchungulia nje ya sepali na bado ni za kijani-manjano, siku 1 au 2 kabla ya kufunguka. Petali zikishakuwa njano iliyokolea na kujikunja nyuma, umechelewa. Usiende mapema mno pia: tumba changa kabisa bado limeshikana, ukilivuta unang'oa na stigma yake.

Ingiza ncha ya kibano ubavuni mwa ile koni ya njano inayobeba chavua katikati ya ua, ipasue, itoe vipande vipande. Usiivute yote kwa mkupuo. Sasa swali la kwanza: shingo ya stigma ikichubuka, ua hukauka na kuanguka baada ya siku chache, na hilo ndilo kosa la kawaida kuliko yote. Linalofuata ni joto. Mchana ukizidi nyuzi 32, au usiku usiposhuka chini ya 21, hata ua lililofanyiwa kazi safi huanguka. La tatu ni ushindani: mmea wenye matunda mengi yanayokua hauwezi kulisha ua lililojeruhiwa. Bakiza maua 2 hadi 4 kwenye shada, mengine kata, na matunda yaliyotangulia punguza.

Ondoa chavua jioni, paka asubuhi inayofuata, rudia kesho yake. Kata sepali mbili za kila ua ulilochavusha. Tunda litakomaa na alama hiyo, na hutalichanganya na jingine hata kibandiko kikidondoka.

Fundo0 replied:

Kibano amemaliza upande wa ua. Mimi nijibu la tatu.

Mi ni jeni tawala, nakala moja inatosha kukinga. Kwa hiyo njia fupi ni kurejesha kwa A: chukua chavua ya chotara, ipake kwenye A, chagua wenye ukinzani, warudishe tena kwa A. Kwa wastani damu ya A inakuwa asilimia 75 baada ya kurejesha mara moja, 87.5 mara ya pili, 93.75 ya tatu, karibu 97 ya nne. Kila mara nusu ya miche hubeba Mi, hivyo miche 7 tu inakupa uhakika wa zaidi ya asilimia 99 wa kupata angalau mmoja. Lakini panda 25 au 30, ili kati ya wenye jeni uchague watatu wanaofanana zaidi na A. Uchaguzi huo unakuokolea kizazi kizima.

Endelea kutumia A kama mama. Kuanzia kizazi kijacho jani halitakusaidia tena, kwa sababu hata miche halali itakuwa na majani ya viazi kwa takriban nusu. Ila mche uliojichavusha kwa A hauna Mi, kwa hiyo kipimo cha minyoo chenyewe kitautupa nje.

Kipimo chenyewe: miche ya wiki 3 au 4, kila mmoja kwenye kiriba chake. Katakata mizizi yenye nundu kutoka mimea iliyoshambuliwa, changanya na udongo kwa kiwango sawa kila kiriba. Weka A kadhaa na B kadhaa katikati yao. Baada ya wiki 6 ng'oa, osha mizizi, hesabu nundu. Kama A haikujaa nundu, matokeo yote ni batili, maana hujui kama minyoo ilikuwa hai.

Angalia joto la udongo. Mi hulegea udongo ukipita nyuzi 28 hivi. Kiriba cheusi kikikaa juani utatupa mimea mizuri kwa kosa la kiriba. Pia jeni hii inazuia aina tatu za minyoo fundo: Meloidogyne incognita, javanica na arenaria. Aina nyingine, Meloidogyne hapla, inapita kama haioni kitu.

Kabla ya kung'oa, kata chipukizi la kwapani la kila mmea na ulioteshe kwa namba ile ile. Nyanya huota mizizi upesi, na hutategemea mmea uliokwisha vurugwa.

Na kagua B yako. Kama ni mbegu chotara ya dukani, huenda ina nakala moja tu ya Mi, na katika machotara yako 12 ni kama nusu tu wanaoibeba. Pima hao kwanza.

Mstari_F5 replied:

Natofautiana kidogo na Fundo0. Kurejesha mara nne kunakupa A ile ile pamoja na kinga. Kama A ina udhaifu mwingine, mfano tunda kupasuka, utabaki nao. Mwenye nafasi aache chotara lijichavushe, apande F2 (kizazi cha pili, watoto wa chotara) kama 200, achague kwa macho: umbo la tunda, kupasuka, kinga. Kitu kinachoongozwa na jeni mbili za kujificha (kila moja huonekana tu mmea ukiwa na nakala zake mbili) hutokea kwa mmea 1 kati ya 16, na mimea 47 inakupa nafasi ya asilimia 95 kuuona. Usichague mavuno kwenye F2. Mmea mmoja mmoja hausemi kweli, mbolea kidogo ya ziada inakudanganya. Mavuno pima F5 (kizazi cha tano) kwenda mbele, kwa vitalu vilivyorudiwa angalau mara 3.

Na kama shida ni mizizi peke yake, kubebesha A juu ya B (kuunga kikonyo cha A kwenye shina lenye mizizi ya B) kunamaliza kazi msimu huu huu. Kazi yake ni kwamba utabebesha kila msimu.

Shada_Njano replied:

Asanteni sana wakuu, 19 wameng'olewa. Nikirejesha mara nne, ukinzani nautuliza vipi ili mbegu isibadilike?

Fundo0 replied:

Acha mimea ya mwisho ijichavushe, pima miche yake. Kati ya wanaokingika, theluthi moja wana nakala mbili, wengine moja. Kwa macho hawatofautiani. Bakiza wanaokingika 8, vuna mbegu ya kila mmoja mbali mbali, kisha pima miche 16 ya kila mmoja. Familia yenye mche hata mmoja uliojaa nundu, tupa. Iliyo safi yote 16 ndiyo yako. Nafasi ya mwenye nakala moja kupenya hapo ni asilimia 1.

Ukiona tunda bado dogo hata baada ya kurejesha mara nne, angalia kipande cha B kilichong'ang'ania jirani na Mi. Jeni hiyo ilitolewa kwa nyanya mwitu Solanum peruvianum miaka ya 1940, kwa kukuza kiinitete ndani ya chupa kwa kuwa mbegu ya kawaida haikukomaa, na vipande vya mwitu huwa vizito kukatika. Hapo idadi ya miche inahitaji kuwa kubwa, mia moja au zaidi, ili upate mmoja aliyekatika mahali pazuri.