MREJESHO: Watoto waliosema vizibo "vimeongezeka"

Wakuu, narudi kwenye swali langu la mwezi jana: watoto wa darasa la kwanza wanahesabu vizibo vya soda hadi 20 bila kukosea, lakini ukivitawanya mezani wanasema vimekuwa vingi zaidi. Asanteni nyote mliojibu, hasa aliyeeleza kwamba kwa Piaget, mwanasaikolojia aliyechunguza jinsi watoto wanavyofikiri, hilo ni jambo la umri, si uzembe: mtoto wa miaka 5 au 6 bado anaamini macho kuliko hesabu.

Nilichofuata: safu mbili, kila safu vizibo 8, kila kimoja kikitazamana na mwenzake. Natanua safu moja, halafu mtoto mwenyewe anairudisha. Hapo ndipo penye siri. Nikirudisha mimi, wanaitikia "sawasawa" kunifurahisha tu. Dakika 10 kila asubuhi, wiki 3. Kati ya watoto 9, sita sasa wanasema, "Ni vilevile, umevitanua tu." Watatu bado, na sitawasukuma, wawili kati yao hawajatimiza hata miaka 6.

Kilichogoma mwanzoni ni ushauri wa Vygotsky, mwanasaikolojia mwingine wa makuzi ya watoto: kumpanga mtoto na mwenzake aliyemtangulia kidogo. Aliyejua alinyakua vizibo vyote, mwenzake akabaki mtazamaji. Dawa yake: anayejua anaweka mikono nyuma, anaelekeza kwa mdomo.

Halafu, swali la "safu ipi ina vingi?" liulizeni mara moja tu, baada ya kutanua. Ukilirudia, mtoto anadhani jibu la kwanza lilikuwa kosa, analibadilisha.