Mbegu za boga moja zimetoa matunda ya kila sura. Nifanyeje mche mmoja uwe aina yangu ya kudumu?

KonaYaBustani

Habari wadau. Nilitunza mbegu za boga moja la kutambaa, ganda la rangi ya machungwa, nyama nene na tamu. Pembeni yake kulikuwa na mmumunye wa kijani (zukini). Mbegu zimeota vizuri ila kila mche umekuja na lake: kuna wenye matunda marefu ya mistari, kuna wenye matunda ya duara ya njano, na kuna mmoja uliosimama kama kichaka, hautambai, na nyama yake haina tofauti na ya boga la kwanza. Huo ndio ninaoutaka, maana bustani ni ndogo.

Maswali yangu:
1. Mbona boga la kwanza lilikuwa zuri kama kawaida ikiwa lilichanganyika na mumunye?
2. Nikipanda mbegu za huo wa kichaka, nitapata vichaka tena?
3. Tunda la mistari lina uchungu kidogo. Nikilichemsha na chumvi nikamwaga maji, si utaisha?

Chavua

Naanza na la 3 maana linahusu tumbo. Usilile, na usimpe mtu. Uchungu wa maboga ni sumu iitwayo kukurbitasini. Moto hauiharibu, na kumwaga maji hakuipunguzi kiasi cha mtu kula kwa amani. Huleta kutapika, kuharisha na tumbo kusokota. Mwaka 2018 jarida moja la tiba ya ngozi lilieleza kisa cha wanawake wawili wa Ufaransa waliougua hivyo baada ya kula boga chungu, na baadaye nywele zikawanyonyoka kwa wingi. Uking'oa mche huo leo hujapoteza kitu.

Kuanzia sasa onja kila mche, usionje mmoja ukahukumu wote. Kata kipande kibichi kisichozidi ukucha wa kidole kidogo, gusisha kwenye ulimi, tema. Uchungu utaujua papo hapo, hauhitaji kutafuna. Ukifika jikoni, onja tena kila tunda kabla ya kulitia kwenye sufuria, kwa sababu kipande kimoja kichungu kinaharibu chungu kizima, na viungo vinaweza kukificha.

Swali la 1: nyama na ganda la boga ni mwili wa mama. Chavua ya baba, yaani unga wa ua dume, inaingia kwenye mbegu tu. Ndiyo maana boga lililochavushwa na mumunye linabaki boga lilelile, na mchanganyiko unauona msimu unaofuata. Watu wengi hulaumu matango au matikiti yaliyo jirani kwa boga lisilo na ladha, wakati hayo hata hayawezi kuzaa na boga.

Hapo utaona pia mtego wa swali la 2. Mche wako wa kichaka unaweza kuwa na tunda tamu kabisa, lakini kama nyuki walitoka kwenye ule mchungu wakaingia kwenye ua lake, mbegu zilizomo huenda zina uchungu wa msimu ujao. Matunda yaliyokwisha kufunga yenyewe, kula tu. Mbegu zake usizitunze. Unahitaji tunda jipya ulilolichavusha kwa mkono.

Nyongeza kuhusu asili yake. Kama boga la kwanza na mmumunye zingekuwa aina safi, miche yote iliyotokana na hao wawili ingefanana. Kila mmoja kuwa na sura yake maana yake boga la kwanza lenyewe lilikuwa chotara, au baba walikuwa wengi, au vyote viwili. Na uchungu haukutoka kwa mmumunye wa kawaida. Nashuku maboga madogo ya mapambo mahali fulani karibu, kwani nyuki anaruka zaidi ya kilomita moja bila shida.

Kikonyo5

Kabla hatujaenda mbali, tazama kikonyo cha tunda, yaani pale linaposhikana na shina. Kikiwa kigumu, chenye kingo tano kali na vijinywele vinavyochoma, ni Cucurbita pepo, jamii moja na mumunye. Kikiwa kigumu chenye kingo lakini kimetanuka kama mguu pale kinapokutana na tunda, ni Cucurbita moschata, jamii ya batanati (butternut). Kikiwa kinene, cha duara, laini kama kizibo, ni Cucurbita maxima. Ndani ya jamii moja huchanganyika bila kuulizana. Jamii kwa jamii ni nadra, na chotara wake mara nyingi hawazai vizuri.

Kwa maelezo yako ni pepo. Ukichaka wenyewe ni ushahidi: katika pepo, tabia ya kichaka inatoka kwa mmumunye na ndiyo inayotawala mche ukiwa mchanga. Ila chotara wa namna hiyo mara nyingi huanza kurefuka msimu ukisogea. Usishangae kichaka chako kikianza kunyoosha shingo baada ya kuzaa.

KonaYaBustani

Asanteni sana wakuu. Kikonyo kina kingo tano, kinachoma kweli. Mchungu nimeung'oa. Sasa nielekezeni kuchavusha kwa mkono. Nilijaribu asubuhi nikasugua ua, tunda likageuka njano likadondoka.

Chavua

Kazi inaanza jioni, si asubuhi. Zunguka saa kumi na moja au kumi na mbili jioni utafute maua yatakayofunguka kesho: ncha imeanza kuwa ya njano, imevimba, lakini bado imejikunja. Ua jike lina kiboga kidogo chini yake. Ua dume lina kijiti kirefu chembamba tu. Funga ncha ya jike moja na madume mawili au matatu kwa selotepu au uzi laini. Ua ambalo limeshaachia hata upenyo mdogo liache, mdudu ameshapita.

Kwa kuwa unataka kuituliza tabia ya mche huo mmoja, madume nayo yatoke kwenye mche huohuo. Ukikosa dume siku hiyo, lile litakalofunguka kesho likatwe jioni na kijiti chake, liwekwe ndani kwenye glasi ya maji. Asubuhi litakuwa tayari.

Asubuhi, mara umande unapokauka:
- Chuma dume, vunja petali zote, ubaki na kijiti chenye unga wa njano. Ukigusa kwa kidole na kidole kikabaki njano, chavua iko sawa. Ikiwa imeloa au imeganda, tupa.
- Fungua jike taratibu bila kuchana petali.
- Sugua unga kwenye vipande vyote vya stigma (sehemu ya katikati ya ua jike inayopokea chavua), kwa kawaida ni vitatu. Ukigusa upande mmoja tu, boga hukua limepinda au hudondoka.
- Rudia kwa dume la pili, kisha funga petali za jike tena kwa selotepu.
- Funga kitambaa cha rangi kwenye kikonyo, kwa kulegea, maana kitanenepa. Bila alama utalisahau likaliwa.

Malizeni kabla ya saa tatu asubuhi. Jua likipanda ua hujifunga na chavua hufa kwa joto.

Kuhusu kudondoka: sababu kubwa ni mche kuwa na mzigo tayari. Mche unaolea matunda mawili au matatu huyatupa majike mapya hata ukiyachavusha kwa ustadi wote. Chuma matunda mengine ya mche huo kwanza, yaliwe machanga kama mumunye, ndipo uchavushe. Sababu nyingine ni chavua kidogo, mvua kuingia kwenye ua, na joto kali. Chavusha majike matatu ukitarajia moja.

Kikonyo5

Naongeza hesabu ya vizazi ili usikate tamaa mapema. Ukichavusha mche kwa chavua yake mwenyewe, mchanganyiko wa urithi ndani ya kila mche unapungua nusu kila kizazi. Tukiita ulionao sasa 100, watoto wake wana 50, wajukuu 25, kisha 12.5, kisha 6.25, kisha takriban 3. Lakini mchanganyiko huo ukiachana, tabia zilizofichika hujitokeza kwa watoto, kwa hiyo kizazi kijacho kinaweza kuwa na vurugu kubwa kuliko hiki unachokiona sasa, na hapo ndipo pa kuchagua. Kuanzia kizazi cha tano hivi utaona miche inafanana kwa macho.

Bustani ndogo si kikwazo kikubwa, kwa sababu ukichaka unaonekana mapema. Otesha mbegu 30 kwenye vikopo, subiri majani matano au sita, pima nafasi kati ya jani na jani kwenye shina. Yaliyobanana ni kichaka. Yaliyoachana yanajiandaa kutambaa, toa. Panda sita bora kwa nafasi ya mita 1. Mbegu za kila tunda ziwe kwenye bahasha yake yenye jina la mche na tarehe. Ukizichanganya umerudi mwanzo.

SufuriaNzito

Wakuu mmesema yote isipokuwa la mdomoni, na boga linachaguliwa mdomoni.

Kwanza, tunda la mbegu lisichumwe mpaka ukucha ushindwe kupenya ganda na kikonyo kianze kukauka. Kisha likae ndani wiki 4 nyingine: mbegu zinanenepa, na wanga wa nyama unageuka sukari. Anayelionja siku ya kuchuma anaweza kumtupa mshindi.

Jaribio langu ni lilelile kwa kila mche: vipande vya sentimita 3, na ganda lake, kwa mvuke, bila chumvi wala mafuta, dakika 15 hadi 20. Bonyeza kwa uma. Likivunjika kavu kama kiazi, ni la kuponda na la kuoka. Likiachia maji, ni la supu. Likitoka nyuzi ndefu, sioni sababu ya kuliendeleza hata liwe tamu.

Mwenye mizani ya jikoni apime hivi: gramu 100 za nyama mbichi iliyoparuzwa, itandazwe kwenye trei, oveni nyuzi 70 hadi uzito usibadilike tena. Ikibaki gramu 10 au chini, ni maji matupu. Ikikaribia 20, hilo ni boga.

La maji usilitupe. Kata katikati, lioke nyuzi 200 kwa dakika 45, upande uliokatwa uangalie chini kwa dakika 30 za kwanza kisha ligeuze ili mvuke utoke. Kwangua nyama, iache kwenye chujio kwa saa 1. Maji yanayochuruzika yatie kwenye supu. Rojo linalobaki linafaa kwa mkate au keki.

Mbegu za kupanda zioshwe utando wote na zikaushwe kwenye sahani kivulini, si kwenye karatasi, zitaganda. Ikivunjika kwa sauti ukiikunja, imekauka, ikipinda, bado.

KonaYaBustani

Nimepata. Swali dogo la mwisho: mbegu nilizobaki nazo za boga la kwanza, nizitupe?

Chavua

Zitunze mahali pakavu, hukaa miaka 4 au zaidi. Mche wa kichaka ukifa kabla ya kukupa tunda la mbegu, utaanzia hapo. Ila miche yake yote ionjwe kwanza, mmoja mmoja.